Isipite Juu ya Kichwa cha Baba

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Na jiwe la kwanza.

Si kubwa — kama sufuria ya wali wa familia. Limeporomoka kutoka mwambani juu yetu, likatua kwenye ngazi, pale pale tunapopanga foleni ya maji. Hakukuwa na mtu. Maji yalikuwa yamekatika tena, watu wameshabeba madumu yao matupu wakaondoka. Sijawahi kushukuru kukatika kwa maji. Leo nimeshukuru.

Razafy, mwenyekiti wetu wa mtaa, kaja mlangoni kabla sijanywa chai. Anasema kuna ufa kwenye mwamba. Walio ng'ambo ya bonde wanauona lakini hawajui unaishia wapi. Kupanda haiwezekani, mwamba umesimama wima na umelowa. Inatakiwa droni. Sote wawili tunajua ni nani aliyeandika amri ya mtaa kwamba droni hairuki mwambani.

Katibu wa mtaa. Mimi, Voahirana. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumanne, 18 Novemba

Sijalala vizuri. Nilikuwa nasikiliza paa.

Amri ile ilikuwa na sababu yake. Mwaka jana Ratovo, mpiga picha za harusi, alirusha droni yake ili awapate maharusi na mji wote wa Antananarivo nyuma yao. Ikaenda ikasimama juu ya kaburi letu, kileleni mwa mwamba. Baba yumo mle, na babu, na waliomtangulia babu. Mama aliiona akiwa uani anaanua nguo. Siku hiyo hakula, na kesho yake hakula. Kwetu mtu hakai juu kuliko mzee wake. Na mashine ya harusi inamsimamia Baba utosini! Mtaa mzima ulikasirika pamoja nasi. Nikaandika: hakuna droni mwambani bila ridhaa ya wenye kaburi. Wakapiga makofi.

Sasa chini ya ule ufa kuna nyumba zaidi ya arobaini. Ya kwanza ni yetu.

Jumatano, 19 Novemba

Ofisi ya vibali. Asubuhi nzima kwenye benchi. Dada wa dirishani akaniuliza droni ni ya shughuli gani: harusi, tangazo, au kilimo. Nikasema jiwe. Akatafuta kwenye fomu, jiwe halimo. Akanishauri niandike kilimo. Kisha akasema nilete kwanza ridhaa ya mtaa. Nikamwambia mtaa ndio mimi. Akafurahi kweli — basi kazi yako imekuwa rahisi, mama!

Rahisi. Mtaa unasubiri wenye kaburi. Mkubwa wa wenye kaburi ni Mama, na Mama yuko jikoni kwangu anachagua mchele. Nimezunguka mji mzima nikarudi nyumbani kwangu. Miguu inawaka moto.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemwambia Mama. Nilingoja tumalize kula, nikamwekea mto mgongoni, nikaanza mbali, na mbinu nyingine za kumlainisha. Alijua tangu nilipoleta mto.

"Baba yako hajawahi kuangaliwa utosini na mtu yeyote," akasema. "Leo aangaliwe, tena na Ratovo?"

Nikasema jiwe litatuua. Akasema jiwe lina mwenyewe, naye ni Baba. Nikasema kuna watoto kule chini. Akanimiminia maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, akaniambia ninywe, nimekonda.

Nimeosha vyombo huku nalia. Si kwa huzuni, kwa hasira. Nampenda na nimechoka naye. Haya, nimeandika.

Jumapili, 23 Novemba

Baada ya kanisa nimeshuka kwa Ratovo. Alikuwa kibarazani, kanisubiri nifike mpaka karibu kabisa ndipo akaniona.

"Ohoo, Katibu! Leo umezikumbuka ngazi zangu. Umekuja kuchukua nini tena?"

Ana haki ya kunisema. Harusi ngapi zimemkimbia kwa sababu yangu. Nikakaa bila kukaribishwa, nikamweleza. Alipotaka kuendelea na kejeli akakumbuka dada yake anakaa pale pale chini ya mwamba. Kejeli zikaisha. Akaniuliza kama Mama anakunywa ramu. Nikasema hanywi, lakini wale wa juu kaburini wanakunywa.

Jumanne, 25 Novemba

Ratovo kaja nyumbani, shati la kanisani, chupa mkononi. Kakataa kiti. Kakaa mkekani upande wa kusini, ambao kwetu ni mahali pa mdogo, akainamisha kichwa. Sikujua kama anajua adabu hizo. Akamwomba Mama radhi kwa ya mwaka jana, kwa maneno marefu, ya kizamani, hata mimi nilikuwa nimeyasahau.

Mama akaichukua chupa, akaiweka kando. Kisha akamuuliza, "Ile mashine yako, ukiiambia simama, inasimama?"

"Inasimama, Mama."

"Basi ipande ubavuni mwa mwamba. Ifike miguuni mwa mzee wangu, kwenye kizingiti cha kaburi. Hapo isimame. Isizidi."

Nimegonga muhuri. Kesho vibali.

Alhamisi, 27 Novemba

Alhamisi kwetu ni mwiko kugusa lolote la kaburi. Mvua imenyesha kutwa. Jiwe la pili limevunja ukuta wa jiko la dada yake Ratovo. Alikuwa sokoni.

Kibali kimetoka. Cha kilimo. Jumamosi mchana.

Jumamosi, 29 Novemba

Naandika upesi, bado ni jioni, mwanga upo.

Mchana jua lilitoka kidogo. Mama akaenda pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba, pembe ya wazee waliotangulia, akamwaga ramu, akamwambia Baba kwamba kuna kitu kitapita, hakina ubaya, asishtuke. Alisema naye kama mtu aliyeko chumba cha pili. Kisha tukaketi uani — yeye, mimi, Razafy — na Ratovo akairusha. Nikamwonyesha njia kwa kidole kilichokunjwa, maana kaburi halinyoshewi kidole. Hata yeye alikunja chake.

Tuliangalia kwenye kioo cha simu yake. Chini ufa ni mwembamba, kisu hakipiti. Ukipanda unapanuka. Katikati majani yameota ndani yake. Juu zaidi mtu angeweza kuingiza bega. Droni ikafika kizingitini, Ratovo akaisimamisha. Kweli ikasimama. Na ufa ukaendelea, ukatoka nje ya picha.

Razafy akawa anaangalia viatu vyake. Ratovo hakunyanyua kidole. Pesa yake yote, kazi yake yote iko pale hewani, betri inaisha, na hakunyanyua kidole.

"Pandisha," Mama akasema.

Nikamwita, Mama. Hakunigeukia.

"Nimesema pandisha. Nitamwomba radhi mwenyewe nikifika kwake, si muda mrefu."

Akavuta shuka lake akajifunika uso wote, asione. Ratovo akapandisha.

Nimeliona paa la kaburi la Baba kutoka juu. Ilikuwa kama nimeingia chumbani kwake bila hodi. Lina ukoga, na lina kiota cha ndege. Ufa unapita chini ya kaburi na kutokea upande wa pili. Kaburi lote limeinama. Limeinamia kwetu, kwenye paa hili.

Mama akauliza chini ya shuka kumeonekana nini. Nikamwambia yote. Sikumpunguzia.

Razafy akasema kila mtu ahame leo kabla giza halijaingia, shule imefunguliwa tukalale madarasani. Watu wanapita ngazini na magodoro vichwani. Nimefunga sufuria, mablanketi, picha ya Baba. Mama amekaa pale pale uani, shuka usoni.

"Ahame baba yako kwanza," anasema. "Ndipo nami."

Nimemwambia anajua haiwezekani. Kaburi halifunguliwi msimu wa mvua, hufunguliwa kipupwe tu — ni mila, na ni sheria ya serikali pia. Hata tukiomba leo, jibu litakuja Julai. Nimemwambia kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea.

Akashusha shuka. Macho makavu kabisa.

"Sheria naijua, mwanangu. Nakuuliza wewe. Ile amri ya mwaka jana si uliiandika kwa siku moja, kwa sababu sikula? Leo pia sijala. Andika nyingine."

Mvua imeanza. Razafy anaita kutoka ngazini. Nimetoa karatasi ya mtaa na muhuri kwenye furushi, nimeandika tarehe. Ratovo kasimama mlangoni amelowa, ananiuliza akawaite wanaume wangapi wa kulifungua kaburi.