Vidonge vya Foliki vya Mama

Dada Rukia,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta hapo Chumbageni ukiwa mzima, na Mama ameanza kula. Mimi sijambo, ila baridi ya huku Ujerumani imenikaba.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitashindwa kulisema. Nakuonea wivu, dada.

Unajua Mama alivyogoma kuacha vidonge vya foliki alivyojinunulia duka la dawa la Usagara, kwa kuwa vilimtia nguvu alipokuwa na mimba zetu. Daktari alikwishamwonya kuwa vitaipinga dawa yake ya saratani. Nikamweleza kwa simu hadi sauti ikanikauka: kwamba seli ya saratani hunyofoa kaboni moja moja kwenye chakula, foliki ndiyo huibeba, na kwa kaboni hizo seli hutengeneza vinasaba vya kuzalia seli nyingine. Mama akasema, "Haya mwanangu," akaendelea kumeza.

Wewe ulimwambia huku ukimnywesha uji, "Mama, dawa inalinyima hilo gonjwa chakula. Wewe unalipelekea kwa mlango wa uani." Akakukabidhi kopo zima. Tangu hapo kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa, "Rukia ndiye kanifahamisha." Na mimi mwaka wa sita huu nasomea jambo hilo hilo.

Ndipo uliponipigia, Mama akisikiliza, kuniuliza kama ulisema sawa. Nikajibu umekosea, hata seli za mwili zenye afya zinaihitaji foliki. Ni kweli zinaihitaji, lakini sikusema kwa ajili ya ukweli. Nilitaka Mama asikie kuwa hujui. Yeye akasikia ruhusa. Akaagiza kopo jingine, ukalikuta chini ya mto siku ya nne, na daktari akaahirisha sindano yake ya saratani. Hukunilaumu. Ulinambia tu, "Mama kachanganya maneno."

Hakuchanganya. Ni mimi. Nisamehe.

Wivu wenyewe haujaisha. Juzi Mama kanambia sindano imepita salama, nikashukuru Mungu. Halafu akasema unamkanda miguu kila asubuhi, moyo ukanichoma pale pale.

Nisalimie shemeji, watoto, na Shangazi wa Mwera anayekuja kukupokea zamu. Mama msomee salamu tu. Au msomee yote. Ukimweleza wewe, ataelewa.

Mdogo wako akupendaye,
Saumu