Meya Wenu na Ufunguo Wangu

Märsta,
Jumapili, 13 Februari 2011

Mpendwa mdogo wangu Évode,

Amani iwe nyumbani mwako. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Theluji ndiyo haichoki.

Ule ukurasa wa gazeti ulionitumia niliusoma kwenye treni. Meya wenu: miaka ishirini na minne, chaguzi sita, hakushindwa hata moja, na sasa anasema basi, bila kufukuzwa na mtu. Nikasinzia. Nikamwona amevaa koti refu, anatembea polepole juu ya theluji, anajipapasa mfukoni kama anayetafuta kitu alichokwisha kumpa mtu.

Unajua chama chetu cha watu wa nyumbani hapa Rinkeby nilikianzisha na watu tisa katika chumba cha kufulia nguo. Leo tuko mia mbili kumi na wanne. Kwa miaka kumi na minne ukumbi nimeufungua mimi kila Jumamosi, isipokuwa mbili, nilipojifungua. Halafu Papy, niliyemtafutia hata nyumba ya kwanza, anasema mbele ya watu kwamba mimi na kiti tumeota mizizi.

Iliniuma, sikufichi. Nilitaka kugombea uenyekiti mara ya nane, na kura nilishazihesabu: zilitosha. Lakini yule mzee wa kwenye theluji hakunitoka. Ijumaa nikampa ufunguo Mélissa, katibu wetu, nikamwambia sigombei.

Jana nilifika giza limeingia. Madirisha yote manane yanawaka, watu wanapita ndani taratibu, sauti zao hazinifikii. Nikasimama. Évode, sikuwahi kuuona ukumbi ule kutoka nje ukiwa na taa. Taa nilikuwa naziwasha mimi.

Mélissa alikuwa mlangoni. "Mama, leo umechelewa."

"Dakika nne," nikamjibu. "Andika."

Wamemchagua Mélissa kwa kura tisini na saba. Mimi ningepata zaidi. Hakuna aliyenishukuru, walikuwa wanabishana juu ya kupanga viti. Nikakaa safu ya nyuma, na chai nikaletewa.

Meya wenu akipita tena kanisani kwenu, mwambie jioni moja avuke mto, asimame, autazame mji wake ukiwaka bila yeye.

Nisalimie Spéciose, shangazi Getrude na watoto wote. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye, mwanachama wa kawaida,

Dafrosa