Shemeji Amebana Ganda la Mota

Mwenzangu, niko chooni kwa dada. Nimejifungia nicheke!

Unakumbuka shemeji alivyoniumbua mbele ya wenzake wa ndege za rimoti? "Mota ni mota, nenda kapige pasi." Kapige pasi! Mimi, fundi wa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua!

Sasa sikia. Mota ya gari lake la rimoti ganda limetulia, kinachozunguka ni cha ndani, kwa hiyo unalibana tu. Leo ameleta mota ya ndege. Hiyo ganda lenyewe ndilo linalozunguka, pamoja na pangaboi! Unaifunga kwa kitako chake cha chini, ganda huligusi.

Yeye akalikaza ganda kwa kibano cha chuma, wenzake wanatazama. Nikafungua mdomo nimwonye. Akanikata: "Pasi, shemeji, pasi."

Haya. Nikaufunga.

Akawasha. Pangaboi halikusogea! Kilichozunguka ni kitako, kikasokota nyaya zote tatu mpaka zikakatika. Moshi huo!

Wenzake wakarudi nyuma wakikohoa. Akanigeukia, amenywea: "Shemeji, hii inasukika?"

Nikamwambia, "Mota ni mota, shemeji. Lete nguo kwanza, pasi imeshapata moto."