Haya ya Memsahib

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Mtoni tangu alfajiri. Shimo la mchangani limekwenda chini mpaka ukiingia unaonekana mgongo tu, na maji yanayopatikana hayajazi kata. Wanawake sita mbele yangu. Mmoja akaanza kuimba nikamwambia anyamaze. Nimerudi nyumbani Kabati kamba ikinikata kipaji cha uso.

Dukani kulikuwa na barua ya mume wangu, Kimuyu. Miezi minane bila neno. Hakuuliza mvua. Hakuuliza mbuzi wangapi wamebaki. Kombania yao ya jeshi inakuja Kitui kuandikisha vijana, itapiga kambi karibu na boma la serikali, na Jumamosi tarehe 22 Bwana Meja atafanya dansi ya heshima. Masajini, makoplo na wake zao. "Utahudhuria. Jifunze kutembea na viatu vya kisigino."

Chakula hakuna, kisigino kipo.

Ijumaa, 7 Septemba

Kimuyu amefika kwa lori la jeshi. Amenenepa. Ameleta gauni la rangi ya samawati, soksi ndefu, na viatu vidogo kuliko mguu wangu. Nilipomwambia ni vidogo alijibu kwamba mguu ndio mkubwa.

Baada ya chai akasema lililomleta. Sajini Meja wa zamani anastaafu. Watakaofikiriwa ni wawili, yeye na mtu wa Machakos. Meja hataangalia kwata peke yake. Ataangalia na mke. Anataka watu ambao nyumba zao "zimeendelea". Kimuyu alishamwambia kwamba yake imeendelea sana.

Nikaangalia paa. Nyasi zimeoza upande wa mashariki tangu mwaka juzi.

Jumanne, 11 Septemba

Funzo la kwanza, ukumbi wa boma. Lori lilituchukua wanawake tisa kama mifugo ya mnada. Mke wa Meja, memsahib tunavyomwita, anatufundisha mwenyewe. Mrefu, mwekundu, ana haraka. Anazungumza Kiswahili cha kuamrisha wapishi na anakijivunia. "Nyinyi kwisha elewa? Haya!" Kila kitu kwake ni haya. Haya kaa. Haya simama. Haya shika uma.

Uma mkono wa kushoto. Mkono ule ule niliofundishwa na mama yangu kwamba hauendi mdomoni. Nilikula viazi vitatu kwa hasira.

Halafu santuri. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Tulishikana sisi kwa sisi, mimi nikiwa mwanamume. Nimejua kwa dakika kumi. Hilo limeniudhi pia. Nilitaka kushindwa.

Kanisani Jumapili mwinjilisti alihubiri juu ya miguu inayokimbilia dansi. Hakutaja jina, lakini shingo zote zilijua pa kugeukia.

Alhamisi, 13 Septemba

Leo memsahib amegawa kadi. Kikadi kigumu chenye uzi, cha kuning'iniza mkononi. Ndani ni orodha ya dansi na jina la mtu wa kucheza naye. Ya kwanza na mume. Ya pili na mtu wa stoo. Ya tatu: Koplo Mutua.

Nilisoma mara mbili. Nilijifunza kusoma misheni ili nisome Neno, sasa nasoma mambo haya.

Koplo Mutua ndiye aliyemwoa Kavata, binti yangu. Kavata yuko kwa wakwe zake Migwani, mimba ya miezi minane, hawezi kupanda lori. Kwa hiyo Mutua hana wa kucheza naye, na memsahib hapendi mtu akae bure. Akaniandika mimi.

Kwetu mama na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, kijana anaingia porini mpaka mama apite. Hiyo ndiyo nthoni. Tangu Mutua alete mbuzi wa mahari nimeiona kofia yake, mgongo wake na vumbi lake. Sura yake siijui sawasawa, na yangu haijui. Ndivyo tunavyoheshimiana. Leo nimeambiwa anishike kiuno.

Ijumaa, 14 Septemba

Nimemwambia Kimuyu aende kwa Meja aliseme jambo hili. Sentensi moja tu. Alicheka kwanza, kisha akakasirika.

"Jeshini hakuna nthoni, Mama Kavata. Kuna amri."

Nikamuuliza mbona yeye mwenyewe hajakanyaga kwa mama yangu tangu anioe, akiwa na tepe tatu begani. Akasema hayo yalikuwa ya zamani. Mama yangu alikufa mwaka jana tu.

Anaogopa. Mtu aliyerudi kutoka Burma na nishani anaogopa kumwambia Mzungu kwamba yeye ni Mkamba. Mbele ya Meja anasimama wima kama mti wa bendera, nyumbani ananipigia kelele mimi.

Jumapili, 16 Septemba

Nilitembea jana mpaka Migwani nikarudi leo. Kavata amevimba miguu. Nilimweleza. Alilia kidogo, halafu akaacha, akasema maneno ya maana. Mama mkwe wake ni mtu wa mila kabisa. Nikishikana na Mutua mbele ya watu, ua wa nyumba ile nitafungiwa. Mpaka wazee wakae, mbuzi achinjwe, maneno yaishe, na kwao maneno hayaishi upesi. Mtoto atazaliwa mwezi ujao. Nilimwahidi Kavata kwamba mikono itakayompokea ni yangu. Mtoto wake wa kwanza, mjukuu wangu wa kwanza.

Basi ndilo hilo. Dansi moja au mjukuu.

Mutua amejua? Kavata anasema amejua. Aliandika kwamba ameona kadi. Hakuandika zaidi.

Jumatatu, 17 Septemba

Kimuyu hasemi, basi nimesema mwenyewe. Funzo lilipoisha nilimfuata memsahib mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana njiani. Kikamba hajui, Kiingereza sijui, ikabaki Kiswahili. Nikatafuta neno la nthoni. Waswahili wa pale mjini, wenye maduka nyuma ya msikiti, wanasema haya. Mtu mwenye haya ni mtu mwenye adabu. Neno zuri.

Nikasema: "Memsahib, huyu Koplo Mutua ni mkwe wangu. Ameoa mtoto wangu. Mimi na yeye, haya."

Uso wake ukafunguka. "Mutua naoa toto yako? Wewe na yeye? Haya! Haya! Mzuri sana!" Akanishika mabega, akachukua kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nimerudi nyumbani moyo mwepesi. Nimemsengenya mwanamke yule wiki nzima na kumbe anaelewa. Nimesali kwa ajili yake.

Jumanne, 18 Septemba

Naomba nirudishiwe sala yangu.

Leo ametusimamisha wote. Ametangaza, akipiga makofi, kwamba dansi itafunguliwa na Mama Sajini na Koplo Mutua. Wawili peke yao katikati ya ukumbi. Wengine watazunguka na kutazama. Mgeni mkubwa kutoka Nairobi atakuwepo. "Mama na kijana. Familia moja ya jeshi!"

Nilisema haya, akasikia haya. Nilimwambia aibu, yeye akasikia twende. Neno moja, masikio mawili. Nilikuwa wa tatu kwenye orodha, gizani katikati ya watu, sasa nimewekwa wa kwanza chini ya taa.

Nikasema, "Hapana memsahib, haya!" Akasema, "Ndiyo, ndiyo, haya!" Wanawake wa Kikamba walitazama sakafu. Mke wa mtu wa stoo akaziba mdomo kwa leso. Sijui alikuwa akicheka au akilia, na sikumuuliza.

Kimuyu amefurahi. Kufungua dansi ni heshima, anasema. Mtu wa Machakos amekunja uso. Nimemwambia Kimuyu sitasimama. Akanikaribia sana.

"Usiposimama, usirudi kwangu."

Nikamwambia nyumba nilijenga mimi. Akatoka.

Ijumaa, 21 Septemba

Nimeamua. Nitavaa gauni, nitavaa viatu, nitakula kwa uma. Wakiita majina nitabaki nimekaa. Wanivute. Nina uzito wa kutosha.

Najua matokeo. Kimuyu ataikosa bakora ya Sajini Meja na atanilaumu mpaka kaburini. Na alaumu. Ninachoogopa ni kimoja: kijana yule atakuwa amesimama katikati ya ukumbi peke yake, mkono umenyooshwa, Wazungu wanatazama. Atafanya nini? Akirudi kukaa amevunja amri. Akinifuata kitini amevunja nthoni. Nimemfikiria leo kutwa. Siwezi kumtumia ujumbe. Sina wa kumtuma ila mume wangu, na mume wangu ni kama sina.

Jumapili, 23 Septemba

Niandike yote kwa mpango.

Jana asubuhi kulikuwa na gwaride la mgeni wa Nairobi. Sisi wake tuliwekwa kwenye viti vya turubai. Mistari mizuri, shaba zinang'aa. Halafu akaja mtu amechelewa, anatembea polepole, anakatiza uwanja mzima. Hana kofia. Shati nje. Buti zimejaa majivu, kama aliyetoka jikoni kwa makusudi. Akasimama mahali pake akapiga saluti.

Nilitambua mgongo. Nikafunika uso.

Kijana huyu, anasema Kavata, hupiga pasi kaptula hata siku ya mapumziko.

Meja aligeuka rangi ya nyanya. Akamwita Kimuyu. Kimuyu akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, sababu ni nini. Jibu nililisikia.

"Nimesahau, afande."

Hakuna lingine. Walimpeleka mbele ya meza ya Meja na haikuchukua muda wa kunywa chai. Tepe zote mbili, na siku saba mahabusu. Aliyezikata tepe ni Kimuyu. Kwa kisu kidogo cha mfukoni, mbele ya kombania. Nilisikia uzi ukikatika, au nilidhani nimesikia.

Mahabusu hachezi dansi.

Jioni memsahib alikuja kunipa pole. Kijana mbaya, alisema, kijana vivu. Nilitaka kumtemea mate. Nilimwambia, haya.

Nilifungua dansi na Meja mwenyewe. Moja-mbili-tatu. Sikumkanyaga hata mara moja. Nilicheza vizuri kuliko wote na nilichukia kila hatua. Watu walipiga makofi. Kabla ya wimbo wa Mfalme mgeni alisimama akataja jina la Sajini Meja mpya. Kimuyu. Mtu asiyependelea hata jamaa yake kwenye sheria, alisema mgeni. Mtu wa Machakos alimpa mkono.

Jumatatu, 24 Septemba

Kimuyu alikuja kulala nyumbani. Nilingoja amalize kula.

Nikamuuliza kama alielewa kwa nini Mutua alikuja vile. Nilidhani hakuelewa. Nilikuwa tayari kumwelewesha, kumsamehe hata, kwa ujinga.

"Nilielewa alipotokea tu. Kijana ana akili. Angekataa kwa mdomo, mimi ningekwisha."

"Na ukamkata."

"Sheria ni sheria, Mama Kavata."

Akaendelea kuzungumzia nyumba tutakayopewa Nairobi. Mawe, bati, mfereji wa maji mlangoni. Tuhame mwezi ujao.

Nimeolewa na huyu miaka ishirini na miwili. Nilikuwa namchukia vipande vipande, kwa siku zake. Jana nimemchukia mzima. Nimemwambia aende na mfereji wake. Nimetoa gauni, soksi na viatu nikaviweka juu ya begi lake, nikaenda kulala jikoni. Asubuhi alikuwa ameondoka. Viatu amevibeba.

Alhamisi, 27 Septemba

Mtoni. Watu wanajua. Yule mwimbaji niliyemnyamazisha siku ile amenipisha mbele kwenye foleni. Nikakataa, nikangoja zamu yangu.

Nimesikia mama mkwe wa Kavata amemlaani mwanawe kwa kupoteza tepe. Mshahara umepungua, aibu imeingia kijijini. Mutua hajajitetea hata kwa mama yake. Nitakwenda kuyasema mimi. Nitamwambia mama yule yote, tangu kadi. Kisha nitakaa pale mpaka mtoto azaliwe.

Jumapili, 30 Septemba

Nilitoka baada ya kanisa. Jua kali, njia nyeupe, hakuna mtu. Nilikuwa nimebeba kuku mmoja na maharagwe.

Karibu na Migwani, pale njia inapobana kati ya vichaka, nikaona mtu anakuja. Kaptula ya jeshi. Mkono wa shati una mahali penye rangi iliyokoza, pasipopigwa na jua. Ametolewa jana.

Na yeye aliniona. Akapunguza mwendo. Akaanza kutazama upande wa kulia, anatafuta mahali pa kuingia, kama kijana anavyopaswa kufanya.

Nikamtangulia. Nikaingia porini mimi, mama mkwe, na kuku wangu. Nikachuchumaa nikageuza mgongo. Miba ilinishika kitambaa cha kichwa nikaiacha ishike.

Alisimama muda mrefu. Sikugeuka. Kisha akapita katikati ya njia, hatua kwa hatua, bila haraka.

Nilibaki pale mpaka sikumsikia tena.