Maji Tuliyomchemshia Tabitha

Mjukuu wangu Nyambura,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Babu yako amepona kikohozi. Barua yako imefika asubuhi, na dereva wa lori la viazi atakuletea jibu hili leo jioni.

Umeuliza umfanyie nini rafiki yako aliyebakwa. Katika miaka ya hamsini, tukichuma maua ya pareto hapa Molo katika shamba la mzungu, nyapara alimbaka Tabitha, msichana wa rika langu. Kwa huruma tulimchemshia maji, tukamwogesha, tukafua gauni lake likang'aa. Kwenye kituo cha polisi askari alicheka: "Mnaniletea nguo ya kanisani?" Ushahidi tulikuwa tumeumwaga sisi wenyewe, na nyapara akaendelea kutusimamia.

Njiani mwanamke mmoja alimwuliza Tabitha, "Mbona hukupiga kelele?" Mama yangu akamkemea: "Nyamaza! Aliyekosa ni nyapara." Tabitha alimshika Mama mkono, asiuachie hadi nyumbani.

Basi mwambie rafiki yako kwamba unamwamini. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi bila kufuliwa. Mfikishe hospitali usiku huu huu, kwa maana dawa za kuzuia ukimwi na mimba hazingoji zaidi ya siku chache. Hata kama ameshaoga, aende. Kushtaki ni hiari yake. Usimsukume, wala usimtangaze.

Nimemwuliza Tabitha kama angependa kuzungumza na rafiki yako. Hajajibu, nami simharakishi. Akishaamua, nitakuandikia.

Nyanya yako