Kopo la Risasi la Marehemu Kaka

Mpendwa Shangazi Hettie wa safu ya ushauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana msimu wa kuwinda kindi unafunguliwa hapa Kentucky na mimi nimekosa raha kabisa. Kaka yangu Orbin alifariki mwezi wa nne akaniachia kopo la kahawa limejaa risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili, mpya na kuukuu, maana kila akitoka msituni alimimina za mfukoni humo humo kama baba yetu alivyofanya, na bunduki yake ya kuvuta komeo kwa mkono kila risasi ilikula chochote. Shemeji Loretta akanishika mkono: "Delmas, kindi wa kwanza wafe kwa risasi za Orbin, nitawakaanga mimi, tule wote mezani kwangu." Nikaitikia. Lakini bunduki yangu ni ile inayojipakia yenyewe, na anayeipiga ni binti yangu Tressie, miaka kumi na minne, na kwa risasi hizo inakwama kila mara, ganda halitoki, nyingine inalia tik tu, na Jumapili moja ikatoa puf, basi, mtoto akavuta komeo aingize nyingine, nikapiga kelele "Acha!", na nilipoipeleka ndani peke yangu na kupitisha fimbo ya kusafishia nikakuta risasi imenasa katikati ya mtutu. Nikamdanganya kwamba ni uchafu. Sasa kila jioni anaisafisha akisema, "Baba, nisamehe, nimekuaibisha," nami nanyamaza, maana nikisema ukweli nitakuwa nimemkataa kaka yangu mbele ya mjane wake. Nifanye nini?

Delmas

Delmas, pole sana kwa msiba. Pole imeisha, sasa nikugombeze.

Mtoto anaomba radhi kwa kosa lako na wewe umekaa kimya? Jumapili kelele zako zilimwokoa, lakini uongo wako umemfundisha kwamba puf ni uchafu, na siku atakapokuwa peke yake msituni atafyatua tena nyuma ya risasi iliyonasa, mtutu umpasukie usoni.

Bunduki yako hutegemea nguvu ya risasi yenyewe ili itoe ganda na kuingiza nyingine. Za polepole haziiwezi, na zilizokaa koponi na unyevu wa msituni miaka yote hiyo hazifai bunduki yoyote. Kopo lote mpe fundi bunduki aziharibu risasi hizo, na mtutu aukague. Kisha nunua aina tatu mpya, boksi moja moja, za kasi, kichwa cha mviringo kilichopakwa shaba. Piga hamsini za kila aina. Inayokwama iache, hata kama ndiyo iliyokuwa ya bei rahisi. Ikilia tik, mtutu ubaki umeelekea mahali salama, hesabuni hadi sitini kabla ya kufungua. Ikitoa puf, toeni risasi zote, na hakuna kupiga tena mpaka mmehakikisha mtutu uko wazi.

Mwambie Tressie leo, kabla hajashika kitambaa cha kusafishia. Halafu nendeni wote wawili kwa Loretta mkamweleze kwa nini risasi za Orbin hazipigwi. Atalia, mwache alie. Mwaka huu ameshazika mtu mmoja, na hakuomba kindi ili azike wa pili.