Dua ya Alhamisi

Port Royal, Jamaika
9 Septemba 1796

Dada yangu mpenzi Thomasin,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mtoto, na mama pia, ambaye natumaini maumivu ya miguu yamempungua. Mimi naweza kusimama na kula, na kwa hapa tulipo huyo ndiye mzima. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Mama alitamani nipande cheo, nami nimepanda. Niliondoka Falmouth nikiwa luteni wa tano, mdogo kuliko wote. Leo mimi ni luteni wa kwanza wa manowari hii, na juu yangu yuko nahodha peke yake. Lakini usimwambie mama kabla hujaimaliza barua.

Wajua kwetu luteni hapandi kwa ubora wake. Hupanda walio juu yake wakiondoka. Ndiyo maana kila Alhamisi, chakula kikiisha, maofisa huinua bilauri za divai wakaomba vita vya damu au msimu wa maradhi. Ni mzaha wa zamani, na hata wacha Mungu huunywea. Nasi tuliiona dua la kuku, halimpati mwewe. Katika meli yetu mdogo wa wote ndiye huitamka, kwa hiyo niliitamka mimi, tena kwa sauti. Mumeo Jago, luteni wa pili, alicheka hadi akapaliwa. Akanitania, "We shemeji, omba polepole basi! Mimi ndiye nimekuzibia njia, na dada yako atakukata masikio." Meza nzima ikavunjika mbavu.

Vita hatukuviona. Iliyokuja ni homa ya manjano. Ilianza kwa mabaharia wa sitaha ya chini, kisha ikapanda kwetu. Luteni wa kwanza, Bwana Hathersage, alilalamikia kichwa asubuhi, na kesho yake tukamshona katika kitanda chake cha turubai, risasi za mzinga miguuni, tukamshusha baharini. Wa tatu na wa nne wakamfuata. Alhamisi moja tukajikuta mezani wawili tu, mimi na shemeji. Divai ilikuwepo. Aliniambia nisiseme kitu, nami sikusema.

Dada, nadhani umeshaelewa. Baada ya Hathersage, luteni wa kwanza alikuwa Jago, nami nisingekuwa pale akiwa hai. Amefariki Jumapili, nikiwa nimemshika mkono. Nilitaka kuandika kwamba hakuteseka. Aliteseka, dada, na aliita jina lako mpaka sauti ikamkauka. Cheo nilikitaka sana. Sasa nakiona kama uchafu.

Kwa desturi yetu nguo za marehemu hunadiwa chini ya mlingoti, wenzake wazinunue. Sikuvumilia kuona koti lake la sare likienda kwa mtu mwingine. Nimelinunua, na ndilo ninalovaa, maana langu limeoza kwa jasho na chumvi. Kiraka ulichomshonea kiwikoni bado kipo.

Tunatarajia kufika nyumbani kabla ya Krismasi. Nakusihi usije gatini, ingawa nakujua, utakuja. Basi ukiliona koti lile likishuka mashuani, usikimbie, wala usimwinue mtoto amwone baba yake. Ni mimi.

Nisalimie mama, umshike mkono unapomweleza. Mungu awe nanyi nyumba nzima.

Ndugu yako akupendaye,
Ambrose Tregarthen